Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau akiingia thieta: ni nusu kaputi inayompoteza, au ni kitu kingine?

1. MwanaMikindani (mleta uzi)

Habari za jioni, wanajukwaa. Naleta swali lililoigawa familia yetu. Mjomba wetu ameteleza shambani, kwenye mikorosho, akavunjika shingo ya paja, na madaktari wameshauri afanyiwe upasuaji. Lakini kabla ya kuanguka, kwa mwaka na zaidi, alikuwa akiuliza jambo lilelile mara kadhaa ndani ya saa moja, akipotea njia ya msikiti anaosali tangu ujana wake, na mara nyingine akimwita binti yake kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki.

Baadhi ya ndugu wanataka upasuaji ufanyike upesi. Wengine wanakataa kabisa, kwa sababu jirani yetu wa Rahaleo aliingia kufanyiwa upasuaji wa tezi dume akiwa na akili zake timamu, akatoka hawatambui wanawe, na familia yake inaamini hadi leo kwamba nusu kaputi ndiyo iliyommaliza. Naomba wenye ujuzi na wenye uzoefu watuambie: dawa ya usingizi inaharibu ubongo wa mzee ambaye tayari anasahau, au inafichua tu kilichokuwapo? Na kama inaharibu, sindano ya mgongo ingekuwa kinga?

2. Mkwe wa Newala

Pole sana, dada. Mimi sina shaka kwamba ni dawa. Mama mkwe wangu alifanyiwa upasuaji wa utumbo kwa nusu kaputi, na wiki nzima baadaye alikuwa akizungumza na watu wasioonekana, akivua nguo na kung'oa dripu. Kabla ya hapo alikuwa msahaulifu wa kawaida tu, kama wazee wengi. Nusu kaputi inauzima ubongo mzima, ilhali sindano ya mgongo inaishia kiunoni na haiugusi ubongo. Daini sindano ya mgongo na msikubali jambo lingine.

3. UsingiziKusini

Ninafanya kazi ya kutoa usingizi katika mkoa wa Lindi, na swali hili naulizwa na ndugu wa wagonjwa mara kwa mara. Naomba kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo mtaani huwekwa kwenye kapu moja.

La kwanza ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, kule kuweweseka alikokueleza Mkwe. Huanza ndani ya siku chache baada ya upasuaji, aghalabu kati ya siku ya kwanza na ya tatu, hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na usiku huwa mbaya zaidi. La pili ni kupungua kwa kumbukumbu na umakini kunakoonekana wiki au miezi baadaye, ambako mara nyingi hakuonekani kwa macho mpaka mtu apimwe. La tatu ni demensia yenyewe, yaani huo ugonjwa wa kusahau, ambayo hujijenga kwa miaka. Mwenye hilo la tatu ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na la kwanza, kwa sababu ubongo wake ni koroboi iliyobakiwa na mafuta kidogo: upepo mdogo ambao kwa mwingine ungepita tu, kwake unatosha kuutikisa mwali.

Kuhusu sindano ya mgongo, Mkwe, nami niliamini hivyo nilipoanza mafunzo, lakini utafiti haujaiunga mkono imani hiyo. Mwaka 2021 ulitolewa utafiti wa Marekani na Kanada uliohusisha wagonjwa 1,600 wa kuvunjika nyonga, wote wa miaka 50 au zaidi, waliogawanywa kwa bahati nasibu: nusu sindano ya mgongo, nusu nusu kaputi. Waliochanganyikiwa walikuwa takriban asilimia 20 kila upande, na vifo pamoja na uwezo wa kutembea baada ya siku 60 havikutofautiana kwa kiwango cha maana.

4. Mkwe wa Newala

Nashukuru kwa takwimu, mtaalamu, lakini nina pingamizi. Waliochomwa sindano ya mgongo mara nyingi huongezewa dawa ya kuwasinziza ili wasisikie nyundo na misumeno ya mafundi wa mifupa. Sasa kama makundi yote mawili yalipata dawa za kulaza ubongo, kwa nini tushangae kwamba matokeo yalilingana?

5. UsingiziKusini

Pingamizi lako ni la haki kabisa, na watafiti wenyewe waliliona. Ndiyo maana utafiti mwingine, uliofanyika China na kutolewa mwaka 2022, uliwachukua wazee 950 wa miaka 65 na zaidi waliovunjika nyonga, na kundi la ganzi, yaani la sindano ya mgongo, halikupewa dawa yoyote ya kusinziza. Waliochanganyikiwa ndani ya wiki moja walikuwa asilimia 6.2 upande wa ganzi na asilimia 5.1 upande wa nusu kaputi, tofauti isiyotosha kusema chochote.

Kwa hiyo mimi huchagua sindano ya mgongo kwa sababu nyingine: mapafu mabovu, tumbo lisilo tupu, au kupunguza maumivu ya saa za mwanzo. Huiacha pale moyo au damu ya mgonjwa haviruhusu, kwani sindano hiyo huishusha presha, na presha ikishuka mno kwa mzee, ubongo nao hukosa damu ya kutosha. Vilevile, mzee mwenye demensia asiyeelewa kwa nini anakunjwa mgongo na kuambiwa asitikisike anaweza kupigana na mikono yote inayomshika, na hapo ndipo watu hukimbilia dawa za kumtuliza ambazo pengine ni mbaya kuliko nusu kaputi iliyopimwa vizuri.

6. Mwalimu wa Chikundi

Ndugu zangu, nauliza jambo linalotangulia yote haya. Mnajuaje, kabla ya upasuaji, kwamba mzee ana upungufu huo na kwa kiasi gani? Nilimsindikiza kaka yangu kwenye hospitali fulani, ambapo kijana mmoja mwenye adabu alimpa maneno matatu ya kukumbuka, kisha akamtaka achore saa yenye kuonyesha saa tano na dakika kumi. Kaka yangu hakuwahi kushika kalamu ya shule, ingawa Kurani anaisoma bila kikwazo. Mshale aliuelekeza kwenye 5, jambo ambalo kwa mtu asiyevaa saa wala si ajabu, na ikaandikwa kwamba ameshindwa. Isitoshe, maswali yote yaliulizwa kwa Kiswahili, ilhali akiwa na maumivu hufikiri kwa Kimwera.

Kipimo kinachomhukumu mtu kwa elimu aliyonyimwa hakipimi ubongo wake.

7. Kijana wa Ndanda

Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa tiba. Tatizo ulilolitaja linajulikana, na nchi yetu imechangia kulitatua. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza walitengeneza kipimo kifupi kiitwacho IDEA kwa ajili ya wazee ambao wengi wao hawakusoma. Mzee hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, hukumbuka maneno aliyosomewa, husema leo ni siku gani, na hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano uliowekwa mbele yake. Hahitaji kusoma wala kuandika, na alama za juu kabisa ni 15. Huko huko Hai, uchunguzi wa wazee wa miaka 70 na zaidi ulikadiria kwamba asilimia 6.4 walikuwa na demensia.

8. Mwalimu wa Chikundi

Marhaba, kijana. Njiti za kiberiti nazikubali. Lakini Hai si Masasi, na anayeuliza bado anapaswa kuijua lugha ambayo mzee anaota nayo. Pendekezo langu ni kwamba hata kipimo kizuri kiambatane na maelezo ya mtu anayeishi naye: je, mwaka jana aliweza kuhesabu fedha za mauzo ya korosho, na mwaka huu? Hilo binti yake analijua kuliko karatasi yoyote.

9. NesiMstaafu Lindi

Nimesoma yote na naona mnaizungukia thieta huku mkiisahau wodi. Miaka mingi nilishika zamu za usiku katika wodi ya upasuaji, na kwa macho yangu wengi wa wazee waliochanganyikiwa hawakupotezwa na sindano ya daktari wa usingizi, bali na mambo yaliyowapata kabla na baada yake.

Mzee huambiwa asile wala asinywe tangu jioni. Asubuhi inaingia dharura ya uzazi, yeye anasogezwa hadi mchana, kisha hadi kesho, na anaendelea kukaa bila tone la maji kwa joto letu hili la pwani, ilhali miongozo inaruhusu maji au chai ya rangi isiyo na maziwa hadi saa mbili kabla ya usingizi, na chakula chepesi hadi saa sita kabla. Anavuliwa miwani. Anawekwa kitanda kisichotazama dirisha, taa inawaka usiku kucha, mgonjwa wa jirani analia. Mpira wa mkojo umekunjamana, kibofu kimejaa, na yeye hawezi kusema. Anapiga kelele, na tunasema amerukwa na akili. Nimewahi kunyoosha mpira wa mkojo tu, na ndani ya muda mfupi mzee akaomba msamaha kwa maneno aliyokuwa akinitolea.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walijaribu kuyazuia mambo haya mwaka 1999 kwa wagonjwa 852 wa miaka 70 na zaidi. Waliowekewa utaratibu wa kukumbushwa siku na mahali, kutembezwa, kunyweshwa, kulazwa bila dawa, na kurudishiwa miwani na vifaa vya kusikilizia, walichanganyikiwa kwa asilimia 9.9, dhidi ya asilimia 15 ya wengine. Hakuna hata kimoja hapo kinachoshinda uwezo wa hospitali zetu.

Na niwaonye kuhusu yule asiyepiga kelele. Mzee anayelala tu, hali, hajibu, wodi nzima humsifu kuwa mtulivu. Huyo naye huenda amechanganyikiwa, na ndiye tunayempita bila kumwona.

10. Kijana wa Ndanda

Mama, kwa heshima, naongeza marekebisho moja: wale 852 walikuwa wagonjwa wa wodi za tiba ya ndani, si wa upasuaji. Ulio karibu zaidi na mada yetu ni wa mwaka 2001, wa wazee 126 waliovunjika nyonga. Waliosimamiwa mapema na daktari wa wazee walichanganyikiwa kwa asilimia 32, na wasiosimamiwa kwa asilimia 50. Ila faida ilionekana zaidi kwa wale ambao hawakuwa na demensia tangu awali, na mjomba wa mleta uzi anayo.

11. NesiMstaafu Lindi

Ahsante, mwanangu, marekebisho nimeyapokea. Lakini usije ukaingia wodini na karatasi hiyo ukaacha kumpa mzee miwani yake kwa sababu ana demensia.

12. Mfamasia wa Nachingwea

Naona hakuna aliyefungua mfuko wa dawa. Kuna kundi la dawa zinazozuia kemikali ambayo ubongo huitumia kukumbuka na kuwa makini, kemikali ambayo mwenye demensia tayari anayo kidogo. Dawa hizo ni nyingi na nyingine zinauzwa kila duka: piritoni ya mafua, promethazini ya kichefuchefu, amitriptilini ya maumivu ya mishipa au usingizi, na baadhi ya dawa za kibofu. Thietani huongezwa atropini, ambayo hupenya hadi ubongoni. Kila moja peke yake huenda isifanye lolote, lakini zikikutana tatu katika mwili wa mzee mmoja, mnatafuta mchawi bure.

Kisha iko diazepamu. Kwa kijana wa miaka 20 nusu yake huwa imeondoka mwilini baada ya saa 20 hivi. Kwa mzee wa miaka 80 nusu hiyo huchukua takriban saa 90. Anayempa mzee diazepamu usiku wa kuamkia upasuaji ili apunguze wasiwasi ameshampa na siku zinazofuata. Pethidini nayo ya kupunguza maumivu ina sifa mbaya kwa wazee, na yafaa ibadilishwe pale panapowezekana.

Kwa hiyo, MwanaMikindani, kusanyeni kila kidonge, kila chupa na kila mzizi anaoutumia mjomba, mtie kwenye mfuko mmoja na kumpa daktari wa usingizi mkononi. Kama kuna aliyemwanzishia dawa ya demensia iitwayo donepezili, hilo litajwe kwa sauti, kwa kuwa huirefusha kazi ya dawa moja ya kulegeza misuli itumiwayo wakati wa kuweka mpira wa hewa kooni.

13. Binti Kilwa Masoko

Mimi narudi kwa jirani wa Rahaleo, kwa sababu baba yangu alipitia jambo linalofanana. Alifanyiwa upasuaji wa tezi dume kwa kupitia njia ya mkojo, tena kwa sindano ya mgongo, akiwa macho. Katikati ya kazi akaanza kuhangaika, akasema haoni vizuri, kisha maneno yakamchanganyika. Tulielezwa baadaye kwamba chumvi ya sodiamu katika damu yake ilikuwa imeshuka. Je, nusu kaputi ingehusikaje hapo, ilhali hakupewa?

14. UsingiziKusini

Haikuhusika. Katika upasuaji wa aina hiyo hutumika maji mengi ya kusafishia, na kwa mitambo ya zamani ni lazima maji hayo yasiwe na chumvi. Yakinyonywa kwa wingi kupitia mishipa iliyokatwa, sodiamu ya damu hushuka na ubongo huvimba. Mgonjwa aliye macho hutoa dalili mapema, kama alivyofanya baba yako, na hii ni moja ya sababu nzuri za kupendelea sindano ya mgongo kwenye kazi hiyo. Sisemi jirani wa Rahaleo alipatwa na hilo, maana hatujaambiwa kama naye alipitishiwa njia ya mkojo, na upasuaji wa kufungua tumbo hauna maji hayo. Nasema tu kwamba familia iliyoambiwa "ni nusu kaputi" huenda haikuambiwa sodiamu ilikuwa ngapi.

15. Mkulima Nanyamba

Naomba niseme jambo ambalo watoto wa wazee huona haya kulisema. Msimu wa mabibo ni msimu wa uraka, pombe ya mabibo, na wapo wazee wetu wanaokunywa kila siku kwa miezi. Anavunjika mguu, analazwa, kileo kinakatika ghafla. Siku ya pili au ya tatu anatetemeka, anaona wadudu ukutani. Hiyo siku ya pili au ya tatu ndiyo hiyo hiyo mliyosema ya kuchanganyikiwa baada ya upasuaji. Nani atazitenganisha kama familia imeficha? Na Mwalimu wa Chikundi asinitazame hivyo, najua yeye huishia kwenye juisi ya mabibo.

16. Mwalimu wa Chikundi

Juisi ya mabibo haina lawama, na ukija Masasi nitakupa. Kuhusu hoja yako, nakuunga mkono bila masharti.

17. Mfamasia wa Nachingwea

Tena mwenye kukatikiwa na kileo ni miongoni mwa wachache ambao diazepamu niliyoilaumu hapo juu ndiyo tiba yao. Ndiyo maana kuficha ni hatari pande zote mbili.

18. Kijana wa Ndanda

Hatujagusa kina cha usingizi. Wapo wanaosema tatizo si nusu kaputi bali nusu kaputi nzito kupita kiasi. Utafiti mmoja wa mwaka 2019 kwa wagonjwa 1,232 wa miaka 60 na zaidi ulitumia mashine ya kusoma mawimbi ya ubongo ili dawa isizidi, na haukuona nafuu: asilimia 26 walichanganyikiwa pamoja na mashine, asilimia 23 bila mashine. Mwingine, uliolinganisha usingizi mwepesi na mzito kwa wagonjwa 655, ulipata asilimia 19 kwa mwepesi na 28 kwa mzito. Mimi nimeshindwa kuamua nimwamini nani.

Na vipi ketamini, dawa ya usingizi ambayo huku kwetu inatumika sana?

19. UsingiziKusini

Nami sijaamua. Huenda katika ule wa kwanza tofauti ya kina kati ya makundi ilikuwa ndogo mno, na katika wa pili ilikuwa kubwa kwa makusudi. Mashine yenyewe sinayo, kwa hiyo kazini hushika jambo lisilobishaniwa: mahitaji ya dawa za usingizi za kuvuta kwa pumzi hupungua kwa takriban asilimia 6 kwa kila miaka kumi baada ya umri wa miaka 40, na sindano ya kulaza lazima iwe ndogo na itolewe polepole. Mzee aliyepewa kipimo cha kijana atashuka presha kabla hujageuka.

Ketamini ni rafiki wa hospitali ndogo kwa kuwa haishushi presha kirahisi na mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe. Ilijaribiwa kwa wazee 672, kwa dozi moja ndogo wakati wa upasuaji, kwa matumaini kwamba ingezuia kuchanganyikiwa. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba haikuzuia, na waliopata zaidi waliota ndoto za kutisha na kuona visivyokuwapo zaidi. Kwa mzee mwenye demensia mimi huitumia kwa tahadhari, na si kama dawa pekee nikiwa na chaguo lingine.

20. Mtoto wa Kitangari

Kwetu mzee akizungumza na wasioonekana, watu husema mashetani yake yamepanda kwa sababu damu imemwagika bila kuyaarifu. Sisemi hivi kuwabishia wataalamu. Nauliza tu, mganga akiitwa hospitalini, ni kosa?

21. NesiMstaafu Lindi

Mwanangu, mimi sijawahi kumfukuza anayekuja kumwombea au kumsomea mgonjwa, kwa sababu sauti ya mtu anayemjua, kwa lugha yake, humtuliza kuliko sindano yangu. Nilichokuwa nakidai ni mpangilio. Kwanza tupime oksijeni, sukari, presha, joto, malaria na mkojo, tuangalie kama ana maumivu na kama amepata choo. Dawa ya kunywa isiyojulikana isipite mdomoni. Hayo yakishafanyika, anayetaka kusoma asome.

22. MwanaMikindani

Nawashukuru nyote. Kuna fundo jingine. Kwa mila zetu za upande wa mama, mjomba ndiye mwenye neno la mwisho katika mambo mazito ya ukoo, na leo mgonjwa ni mjomba mwenyewe. Wanawe wanasema wao ndio watasaini, wapwa wanasema ni sisi, na hakuna aliyemuuliza yeye kwa sababu wote wameshaamua kwamba hajui kitu. Nani ana haki ya kusema ndiyo au hapana?

23. Mwalimu wa Chikundi

Aulizwe yeye. Kusahau jina la binti si sawa na kutojua kama unataka kuondokewa na maumivu. Muulizeni asubuhi akiwa amelala vizuri na maumivu yametulizwa, kwa Kimakonde, na asiwe mbele ya baraza zima. Mumweleze mambo machache, kisha arudie kwa maneno yake. Jioni mumuulize tena. Jibu likiwa lilelile, sioni mwana wala mpwa mwenye kulitengua. Likiwa linabadilika kila saa, basi wale wanaojua alivyoishi na alivyopenda ndio waketi pamoja na daktari.

24. UsingiziKusini

Namuunga mkono Mwalimu, nami naongeza upande ambao wanaokataa upasuaji hawautaji. Kuacha nyonga iliyovunjika si kuuhifadhi ubongo. Mzee atalala chali kwa wiki nyingi, vidonda vya kitandani, nimonia na damu kuganda miguuni vitamfuata, na maumivu yasiyotibiwa yenyewe humchanganya mtu. Muda nao una uzito wake. Katika utafiti wa mwaka 2020 wa wagonjwa 2,970 kutoka nchi 17, waliofanyiwa upasuaji ndani ya saa chache walichanganyikiwa kwa asilimia 9 na waliosubiri siku moja hivi kwa asilimia 12, ingawa vifo havikutofautiana. Kwetu, anayetoka Tandahimba au Liwale hufika akiwa amepoteza siku kadhaa tayari. Ulizeni pia kama yupo anayeweza kuchoma ganzi ya kinenani inayozima mishipa ya paja wakati mnasubiri, ili mjomba asilishwe dawa kali za maumivu.

25. Mkwe wa Newala

Nimewasikiliza nyote, na bado siko tayari kuisafisha dawa ya usingizi. Mnanitajia wiki moja na siku 60. Nani amefuatilia miezi?

26. Kijana wa Ndanda

Wapo. Mwaka 1998 ulitolewa utafiti wa nchi kadhaa kwa wagonjwa 1,218 wa miaka 60 na zaidi waliofanyiwa upasuaji mkubwa usio wa moyo. Wiki moja baadaye asilimia 25.8 walikuwa wameshuka katika vipimo vya akili, na baada ya miezi mitatu asilimia 9.9. Umri ulikuwa kihatarishi kikubwa.

27. UsingiziKusini

Ila useme lililobaki: wale ambao kipimo cha kumbukumbu kabla ya upasuaji kilikuwa chini sana hawakuruhusiwa kuingia kwenye utafiti huo. Kwa hiyo takwimu hizo ni za wazee waliokuwa na kumbukumbu nzuri. Haziwezi kumhukumu wala kumtetea mtu wa hali ya mjomba.

28. Mkwe wa Newala

Basi ndivyo nilivyosema tangu mwanzo. Hamuwezi kuniambia kwamba ni salama.

29. NesiMstaafu Lindi

Wala wewe huwezi kutuambia kwamba ni dawa, mkwe wetu. Mama mkwe wako alikuwa na ugonjwa wa utumbo, na kama kulikuwa na usaha tumboni, huo peke yake unatosha kumwewesesha mtu.

30. Binti Kilwa Masoko

Kabla uzi haujaenda mbali, naomba msaada wa haraka. Shangazi yangu, naye msahaulifu, anasafirishwa kesho kwa gari kuja Mtwara baada ya kuvunjika mkono vibaya. Jirani amewashauri wampe piritoni mbili na nusu kidonge cha diazepamu ili alale njiani asisumbue. Wafanye hivyo?

31. Mfamasia wa Nachingwea

Hapana, wasimpe kimojawapo. Akifika hapo amelegea, daktari hatajua kama ni dawa, ni kichwa kilichogonga alipoanguka, au ni hali yake ya kawaida, na atakayempa usingizi atalazimika kukisia kilichomo mwilini. Kinachomsumbua njiani kitakuwa maumivu. Mkono ufungwe kwa ubao na kitambaa usicheze, apewe parasetamoli kwa kipimo kinacholingana na uzito wake, akae na mtu anayemzoea, na waandike kwenye karatasi kila walichompa pamoja na saa. Maji anywe kama kawaida mpaka hospitali imwambie vinginevyo.

32. Binti Kilwa Masoko

Ahsante sana. Nawapigia sasa hivi.